Kiganja cha Fundi Bodi

Kwa dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji yangu na watoto wote, tangu huyo mkubwa anayejiona mtu mzima hadi yule wa mwisho, ambaye nilipomwona mara ya mwisho kila kitu alikuwa akikiita bata, hata mimi. Mnaendeleaje? Magoti yako yanasemaje siku hizi? Paa limeacha kuvuja, au bado mnalala na ndoo? Sisi huku hatujambo. Wifi yako hajambo, na mdomo wake ndio haujambo zaidi. Nami kaka yako wa pekee ni mzima kama injini iliyotoka kufungwa jana, isipokuwa kwa hili ninalotaka kukusimulia, na hata hili nimekwisha kulikalia kifuani.

Najua utashangaa kupata barua wakati huu ambapo kila mtu ana simu. Lakini simu yenu naijua. Ikilia tu watoto wanaipigania, mnaiweka sauti ya kusikika mtaa mzima, na kabla sijafika katikati ya maneno yangu mtu amekwisha kuichukua ili anionyeshe jino lililong'oka. Habari hii inataka pumzi. Kwa hiyo waite watoto wakae chini, uwasomee kwa sauti kama ulivyokuwa ukisoma barua zangu za zamani. Nimeandika herufi kubwa makusudi. Ukiona mistari imepinda usilaumu shule, maana mimi na shule tuliachana kwa amani kila mmoja akiwa amemchoka mwenzake. Laumu mkono. Ni huu wa kulia, na habari yenyewe ni yake.

Ilikuwa hivi. Liliingia gereji lori moja la kubeba mchanga, limegongwa ubavuni mpaka mlango umekunjamana kama shati la mlevi. Mafundi wenzangu walilizunguka, wakakuna vichwa, wakasema mlango huo utupwe utafutwe mwingine. Nikawaambia wasogee. Mnanijua. Nimenyoosha magari yaliyotolewa mtaroni yakiwa hayajulikani mbele wala nyuma, na wenyewe walipokuja kuyachukua wakawa wanapita mbele yake wakiuliza gari lao liko wapi. Nikaufungua ule mlango peke yangu, bila jeki, nikauinua juu ya kichwa ili nitazame mwanga unavyoteleza juu ya bati. Ndipo ulipochoropoka ukanipiga hapa kifuani, upande wa kulia. Watoto, sikilizeni vizuri: mlango ulibonyea. Mjomba wenu alibaki amenyooka. Mpaka leo mwenye lori hataki bonde lile linyooshwe, anasema ni kumbukumbu.

Ila ndani palibaki kitu. Damu imeganda, ndivyo tulivyowaambia watu. Wifi yako akaniburuta hospitali, na huko wakasema hapana njia nyingine, ni kisu. Yule wa kuchoma sindano ya usingizi alinipa kipimo cha binadamu, nikamsalimia. Akaongeza, nikamuuliza habari za nyumbani kwake. Wakashauriana, wakaleta chupa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya fahali, ndipo nikasinzia kidogo, tena kwa adabu tu, nisiwavunje moyo. Daktari mpasuaji naye akakuta kifua ni kigumu, kisu kinarudi nyuma. Ikabidi apitie kwapani, na huko njiani akaondoa tezi zilizokuwa zinamzuia. Tezi, kwa asiyejua, ni vipunje kama maharage vilivyo ndani ya kwapa, na kazi yake ni kuchuja majimaji ya mwili yanayopita humo. Maji hayo si damu. Yana jina lake, yanaitwa limfu. Neno hilo nimelifanyia mazoezi hadi nalitamka vizuri kuliko daktari aliyenifundisha.

Kidonda kilifunga vizuri, mpira uliokuwa ukitoa maji ubavuni ukachomolewa, nikarudi nyumbani nikipokea wageni kama bwana harusi. Nikadhani kazi imekwisha. Basi asubuhi moja nikavaa shati, na mkono wa kulia ukagoma kuingia. Wa kushoto umepita, wa kulia umekwama kwenye kiwiko. Wifi yako akasema shati limeruka maji, limepungua kwa kufuliwa. Tukajaribu jingine, na hilo nalo likawa limeruka maji. Kufika jioni tukakubaliana kwamba si mashati. Mkono ulikuwa umejaa kuanzia bega hadi vidole, mzito, ngozi imevutika inang'aa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Uliniletea mawazo ya mkono wa marehemu mama siku zake za mwisho, lakini tuyaache hayo, watoto wanasikiliza.

Dada, unajua mkono wa kulia ni nini kwangu. Nilipochukua nyundo ndogo ya kumalizia, ile ninayoishika kwa ncha za vidole kama kijiko, vidole havikufunga kwenye mpini. Ikaanguka. Winchi, yule mwenzangu wa gereji mwenye mabega kama kabati, akaiokota, akaipangusa mpini, akanipa. Ikaanguka tena. Nikasema sakafu ina mafuta. Usiku huo nilihesabu ni nini kingine ninachokijua duniani zaidi ya kunyoosha bodi za magari, nikakuta ni kula na kusimulia.

Hospitali wakanipeleka kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Nje kwenye benchi walijaa akina mama tupu, mwanamume ni mimi peke yangu. Gereji niliwaambia ni kwa sababu matibabu hayo ni makali, wanaume huwa wanakimbia. Ndani nikamkuta binti mmoja mwembamba, mikono yake kama ya mtoto wa shule. Akaniambia atanikanda ili yale maji yapate njia. Nikamtazama, nikautazama mkono wangu, nikamwonea huruma. Nikamwomba wifi yako anipe kitambaa nikiume, maana ninajua kukandwa ni nini: mtu akikukanda sawasawa lazima uwaone babu zako wote kwa zamu.

Nikafumba macho, nikauma kitambaa, nikangoja. Nikangoja. Mwishowe nikamuuliza kama kuna mtu tunayemsubiri. Akasema amekwisha kuanza zamani. Kufungua macho, kweli, vidole vyake viko shingoni kwangu, juu kidogo ya mfupa wa bega, vinasogeza ngozi polepole na kuiachia, polepole na kuiachia, kama mtu anayemlaza paka asiyemwamini. Nikamuuliza kwa upole kama amekula asubuhi. Wifi yako akacheka mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo nikampa binti yule jina la Mama Unyoya, na nasikia sasa chumba kizima wanamwita hivyo.

Nikamwambia pia, kwa heshima, kwamba ugonjwa uko mkononi na yeye yuko shingoni, pengine ameelekezwa vibaya. Hakukasirika. Akaniuliza, mimi mtu wa magari, nikikuta foleni imeziba barabara, huwa naanza kulisukuma gari la mwisho au naliondoa la mbele? Akasema maji yangu yako kwenye foleni. Njia ya kwapani imevunjwa, kwa hiyo kwanza anafungua shingoni, halafu kwapa la upande wa pili, halafu kifua, kisha ndipo anashuka kwenye bega, na vidole vya mkono vinakuwa vya mwisho kabisa. Na njia hizo ziko hapa hapa chini ya ngozi, nyembamba kama nyuzi. Ukizikandamiza ni kama kukanyaga mpira wa maji. Nikamgeuzia shingo vizuri. Si kwamba nilishindwa hoja. Nilimpisha tu.

Akamfundisha wifi yako afanye nyumbani. Huyu wifi yako, ambaye akifunga mlango jirani wanatoka nje kuuliza kimeanguka nini, alishika ile kazi mara moja. Nililala pale nikijiuliza mikono hiyo alikuwa ameificha wapi miaka yote hii. Akaniambia nisiulize, ile mingine, ya kufungia milango, nilikuwa nikipewa kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Lakini nitakuambia ukweli wa moyo wangu: sikuamini. Nilivumilia siku chache, mkono nauona ni ule ule. Nikasema hawa ni wanawake, wananionea haya. Nikaenda kwa Winchi. Tukaketi nyuma ya gereji kwenye viti vya gari lililochinjwa, tukaujadili uvimbe kama mafundi. Winchi akasema uvimbe ni bonde lililotokea upande wa pili, basi. Bati likituna unafanyaje? Unalipasha moto lilegee, kisha unalirudisha kwa nguvu hadi likae. Dada, pale lilionekana ni jambo la akili sana. Tukachemsha maji, tukachovya taulo, tukaufunga mkono nalo mpaka nikawa natoka jasho la masikio. Kisha Winchi akatia grisi, eti ndiyo mafuta, akashika kuanzia vidoleni kwa vidole gumba viwili, akapanda. Babu zangu nikawaona wote, na wengine walinipungia mkono. Nikamwambia hapo sasa, hapo ndipo kazi ilipo! Tukapongezana.

Kesho yake mkono ulikuwa mwekundu, unawaka, mkubwa kuliko ulivyokuwa, nami natetemeka kwa homa chini ya blanketi mbili. Wifi yako akaona alama za vidole gumba, akaona grisi. Alichosema sitaki watoto wakisikie. Tukarudi hospitali, wakaniweka kitandani na dawa za mshipa, maana vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye ngozi. Winchi alikuja kunitazama akasimama mlangoni, hathubutu kuingia, wifi yako amemkazia macho. Akawa anauliza hali yangu kwa kunyanyua nyusi.

Mama Unyoya alipokuja sikuwa na hadithi ya kumpa. Akasema hanigusi mpaka wekundu na homa viondoke kabisa, na joto la namna ile nisilikaribie tena maishani na mkono huo. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo ungeisikia usingejua ni yangu, kama nitashika nyundo tena. Akasema hajui. Akasema inategemea kama nitakubali kwamba kidogo ndicho kinachofanya kazi.

Niliporudishwa chumbani kwake akaniuliza swali nililodhani ni la kunipotezea muda. Ukimaliza kupiga nyundo, akasema, unajuaje kwamba mlango umenyooka? Nikamwambia hilo ni jambo la kuonyesha. Mle chumbani kulikuwa na kabati la chuma la kuwekea mashuka, rangi safi, halina hata mkwaruzo. Nikafumba macho, nikaweka kiganja cha kushoto kilicho wazi, nikakipitisha juu ya bati. Hapo hupaswi kugandamiza, dada. Ukigandamiza kiganja kinakuwa kiziwi. Unakiacha kielee tu, kama unavuta shuka juu ya mtoto aliyelala. Nikamwambia hapa, chini ya bawaba, bati limeingia ndani, kabati hili liliwahi kuanguka. Akapiga magoti akatazama kwa mwanga wa pembeni. Lipo! Akasimama akasema basi kumbe ninajua tangu zamani, ila nilikuwa nafikiri kazi yangu ni nyundo. Kiganja hicho hicho nikihamishie kwenye ngozi.

Basi ndivyo ninavyofanya. Asubuhi najifanyia mwenyewe kwa mkono wa kushoto mbele ya dirisha, bila mafuta, navuta pumzi ndefu kwanza mpaka tumboni, nafungua shingoni, nafungua kwapa la pili, nashuka. Jioni ni zamu ya wifi yako, na wakati huo ananisimulia habari za mtaa mzima, kwa hiyo natibiwa pande mbili. Mchana navaa soksi ya mkono inayobana, rangi ya ngozi, imefika mpaka kwenye ngumi. Wateja nawaambia ni vazi la mabondia. Mkono umepungua. Haujawa kama wa kushoto, na Mama Unyoya ameniambia wazi kwamba huenda usiwe, na kwamba nikiuzembea utajaa tena. Lakini shati linaingia. Vidole vimefunga kwenye mpini wa nyundo ndogo, na hapo wifi yako aliangalia pembeni akasema ana vumbi jichoni. Gereji sasa Winchi anapiga zile za nguvu, mimi napitisha kiganja na kumwambia bado, bado, hapo basi. Watu wanatoka mbali kuja kuona. Juzi alikuja mtu nikamwambia tatizo la gari lake kabla hajashuka.

Hapa, dada yangu, acha kusoma kwa sauti. Waambie watoto barua imefika kwenye mambo ya wakubwa, wakacheze nje, mlango ufungwe. Binti yako mkubwa abaki. Hili ni lake pia.

Wametoka?

Hakuna mlango ulioniangukia. Lori lilikuwepo, na mlango nikaunyoosha, ila haukunigusa. Kilichokuwepo ni kipunje. Nilikuwa bombani nyuma ya gereji naosha vumbi la rangi, kiganja kikapita kifuani, kikasimama. Pembeni ya chuchu ya kulia, chini ya ngozi, kigumu kama punje ya mahindi. Hakikuuma hata kidogo. Kiganja changu kilijua palepale. Kwenye mlango wa gari nisingekiachia kitu kama kile kipite, hata mwenye gari awe amesimama ananipigia kelele ana haraka. Kwangu mwenyewe nilikipitisha. Nikasema ni jipu, nikasema ni msuli wa kazi, nikavaa shati. Nikaendelea kuvaa shati mpaka chuchu ikavutwa ndani kama bati lililopigwa kwa nje, na wifi yako akaiona nikiwa nimelala. Hakupiga kelele. Alinivalisha viatu yeye mwenyewe.

Ni saratani ya titi, dada. Mimi, na kifua hiki. Daktari alinieleza kwamba hata mwanamume ana nyama hiyo kidogo, na kwamba huwapata wanaume wachache, lakini huwapata. Wakaondoa titi lote, pamoja na zile tezi za kwapani, hilo sikudanganya. Pale kwenye benchi, karani alitoka akamuuliza wifi yako jina la mgonjwa akiwa amemtazama yeye, kisha akaniambia mimi nisogee ili mgonjwa akae. Sikuwa na pa kuweka uso. Mama mmoja aliyekuwa amefunga kitambaa kichwani, hana nywele, akanisogelea akapigapiga nafasi karibu naye. Akasema, "Karibu chamani, kaka. Tulikuwa tunatafuta mwenyekiti." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu kile kipunje. Sasa nikichelewa wananiuliza mwenyekiti kikao kianze saa ngapi.

Sasa jambo lenyewe. Daktari aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nikamwambia hakuna. Nikamwambia mama yetu alikufa kwa jipu la kifua lililokataa kupona. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama mkono wa mama uliwahi kuvimba.

Unaukumbuka, najua. Ule mkono aliokuwa akiuficha chini ya shuka wageni wakija. Unakumbuka tulivyoukanda, wewe ukikamua taulo la maji ya moto na mimi nikisukuma kwa vidole gumba kwa nguvu zangu zote za ujana, naye anauma meno na kutuambia ahsanteni wanangu, sasa naona unafuu. Hatukujua. Hakuna aliyetuambia. Nilipokuwa nimelala na homa ile ndipo nilipojua mama alikuwa akivumilia nini kwa ajili ya kutufurahisha sisi.

Daktari alisema ugonjwa huu wakati mwingine hupita katika damu ya ukoo, na ukimpata mwanamume ndipo ndugu zake wanapaswa kuangaliwa bila kuchelewa. Amesema kuwa nao mimi hakumaanishi kwamba unao wewe. Lakini amekutaja, dada. Wewe wa kwanza, na binti yako nyuma yako. Nendeni hospitali mkapimwe kwa mashine yao, mwambieni daktari habari ya mama na habari yangu, yote, bila mlango wa lori. Na nyumbani mkijichunguza, usitumie vidole kama mtu anayechagua parachichi. Fanya kama nilivyofanya kwenye lile kabati: kiganja wazi, macho umefumba, taratibu. Kiganja kikisimama, kiamini. Usingoje maumivu, changu hakikuuma. Na hata kisiposimama popote, nenda, maana mashine inaona ambapo kiganja hakifiki.

Mimi wametoa chote walichokiona. Nameza vidonge, nitavimeza miaka mingi, na naitwa kupimwa mara kwa mara. Siogopi sana. Ninayemhofia ni wewe, kwa sababu nakujua, utasema ngoja kwanza nimalize hili, ngoja nimalize lile, kama nilivyosema mimi. Winchi nimemwambia juzi. Alinitazama, akazima kompresa ya upepo, akavua shati mbele ya wateja akaanza kujipapasa kifua chote, na mteja mmoja naye akafungua vifungo. Kama Winchi ameweza, wewe huna la kujitetea.

Kwenye simu nisingeweza. Ungesikia sauti yangu ukaanza kulia, watoto wakauliza, nami ningesimulia mambo ya lori mpaka salio likaisha. Wavulana waachie ule mlango kwa sasa, wanaupenda. Wakikua waambie habari ya kile kipunje, maana nao wana kifua.

Ukinijibu nakuomba jambo moja. Usinisalimu. Usiniulize hali, usiniambie paa wala magoti. Neno la kwanza kwenye karatasi liwe "tumekwenda." Salamu zitafuata nyuma, zina nafasi.

Sasa mpanguse machozi, wote wawili, mfungue mlango, waite watoto.

Watoto, mmerudi? Mjomba wenu anamalizia. Nitakapokuja nitawabeba wote kwa mpigo, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia nimekatazwa kuonyesha nguvu zake zote, utavunja kitu. Kuna kazi nimempa mama yenu na dada yenu. Haiwahusu ni kazi gani. Ninyi kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, mumuulize mama: ile kazi ya mjomba imefanyika? Akisema bado, mkae mlangoni msiondoke. Akiwafokea, mwambieni mjomba ndiye aliyetuma. Mkifanya vizuri nitawaletea kipande cha ule mlango.

Msalimie shemeji, msalimie jirani yako mwenye redio. Wifi yako anawasalimu wote, anasema barua imekuwa ndefu, nivue shati nilale chali, ndiyo zamu yake ya kunikanda.

Ni mimi kaka yako,
Fundi, mwenyekiti wa benchi